Mkono wa Idi

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mombasa, katika kichochoro ambacho watu wawili walioshiba hawapishani mpaka mmoja apande barazani kwa watu. Ndani ya kichochoro hicho, Idi Mosi ya mwaka juzi, mama alialika watu 120. Mimi nikapewa kazi ya mlango.

Msiidharau kazi ya mlango. Usiku wa kuamkia Idi, mwezi ushaandama, mama aliniita jikoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama katika karai la nyama na maziwa lala, akawa ananielekezea kidevu. "Mgeni akija, sema karibu. Usimuulize yeye ni nani. Umenisikia? Hata akija na pembe."

Alikuwa na sababu. Mwaka wa nyuma yake nilimsimamisha mzee mmoja pale mlangoni nikamuuliza, kwa adabu zangu zote, "Samahani mzee, wewe ni nani?" Kumbe ni mjomba wake mama, katoka Lamu, na mimi mwenyewe nililelewa mgongoni kwake. Mzee aligeuza kiatu hapo hapo. Watu walitumwa mara tatu kwenda kumuomba radhi, na mara ya tatu ndipo alipopokea maji ya kunywa.

Jambo jingine, kisha niingie kwenye kisa. Wiki ya mwisho ya Ramadhani niliupaka mlango wetu rangi ya kijani. Rangi yenyewe ilikuwa imebaki kwa jirani wa mkabala, aliyekuwa amemaliza kupaka wake. Kopo moja, milango miwili. Likumbukeni hilo kopo.

Siku ikafika. Mpishi alikuwa ameshateka kichochoro tangu alfajiri: sufuria mbili juu ya kuni, makaa ya moto juu ya mifuniko, na moshi umeingia mpaka kwenye soksi zangu. Kilo 15 za mchele. Alipofunua sufuria kunyunyizia zafarani, paka wote wa Mji wa Kale walitulia kama waliomsikia imamu. Chetezo cha udi nikakiweka nyuma ya mlango, nikavaa kanzu mpya, nikasimama.

Wa kwanza kufika alikuwa ami yangu mkubwa. Yeye Idi yake alikuwa ameshaisali jana, kwa mwezi wa Makka, lakini biriani huifuata kwa mwezi wa Mombasa. Wakaja na wengine. Karibu, karibuni, Idi mubarak, juu kuna nafasi, viatu acheni hapa. Sikumuuliza mtu jina.

Baada ya Adhuhuri wakatokea wanaume tisa kwa mstari, kanzu nyeupe pepe, kofia za vito. Mzee wa mbele kavaa joho na kashika bakora. Joho, jua la Mombasa, saa saba mchana. Nikajisemea, huyu Idi imemkolea. Nyuma yao vijana wawili wamebeba vikapu vya halua.

Mzee akautazama mlango wetu juu mpaka chini, akauliza, "Ndipo hapa?"

"Ndipo, babu," nikamjibu. "Tulikuwa tukiwangoja nyinyi tu."

Neno hilo nilikuwa nimeshawaambia watu kama hamsini tangu asubuhi. Yeye ndiye wa kwanza kuliamini. Uso ukamkunjuka, akatia mkono ndani ya joho, akatoa bahasha nyeupe inayonukia mawaridi, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Pokea, mwanangu."

Mimi nina miaka 28. Mkono wa Idi mara ya mwisho nilipewa nikiwa darasa la saba. Siku hizi ndio ninaowapa wenzangu, tena kwa kufukuzwa na watoto mpaka Kuze. Machozi yakanilenga. Nikambusu mkono, bahasha nikaitia mfukoni. Nikaipapasa kidogo: nyembamba. Noti moja, lakini huenda ni ya elfu.

Huko juu mambo yakajiendea. Mama, nyuma ya pazia la chumba cha ndani, akanivuta sikio: "Hao ni wa kwa babako. Hebu waongeze nyama, wasije wakatutangaza." Sinia tatu nikaziongeza nyama. Nikikatiza sebuleni baba naye akaninong'oneza, "Hao watu wa kwa mamako hao. Waangalie vizuri, unamjua mamako." Nikaziongeza tena. Hapo nilikuwa na nafasi ya kushtuka. Lakini nilikuwa nimebeba birika la kunawisha watu mikono, na mtu mwenye birika hafikiri.

Halua niliifungua mwenyewe. Ilikuwa nyekundu, inang'aa samli, ukiibonyeza inarudi taratibu. Nikaikata, nikaipitisha na kahawa chungu, sahani moja nikampelekea nyanya nyuma ya pazia, na iliyosalia ikamalizwa na watoto wa kichochoro kabla sijageuka.

Mzee wa joho alikuwa haishi kunitazama. "Na wewe ni nduguye?" akaniuliza.

Nduguye nani? Lakini sheria ya mama ilikuwa wazi. "Sote ni ndugu, babu," nikasema.

"Haya ndiyo maneno ya uungwana," akawaambia wenziwe, nao wakatikisa vichwa.

Wakisha kunawa, mzee akakohoa, akaiegemeza bakora ukutani. Sebule ikanyamaza. Akahimidi, akamsalia Mtume, akatushukuru kwa mapokezi ambayo, alisema, hakuyategemea. Kisha akasema, "Sisi kwetu tuna kijana, nanyi kwenu mna binti." Baba akamtazama ami. Ami akautazama mfupa alioushika. Mzee akaendelea mpaka akalitaja jina la binti anayetakwa.

Jina silitaji, kwa sababu mwenyewe yu hai na husomewa simu yangu kila jioni. Nyumbani kwetu jina hilo analo mtu mmoja tu: nyanya. Ana miaka 74, na eda alitoka zamani.

Ami ndiye aliyepata sauti. "Mzee wangu, huyo unayemtaja ni mamangu."

"Basi hongera kwa kumlea," akasema mzee, ambaye nadhani hakusikia vizuri. "Na barua tumeshamkabidhi kijana pale mlangoni."

Macho yote yakanigeukia. Nikaitoa bahasha mfukoni. Pembeni ilikuwa na alama ya kidole, samli na halua, unaweza kuhesabu mistari.

Kimya kile kilivunjwa na sauti nyuma ya pazia. "Kijana wenyewe ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa," akajibu mmoja wa wale tisa, kwa mazoea tu.

"Mimi halua yao nishaila," akasema nyanya. "Sasa nitakataaje?"

Hapo ndipo ikasikika hodi, akaingia mtu anavuja jasho, kanzu imemganda mgongoni. Mshenga. Gari lake lilikwama foleni ya feri kule Likoni, na kwa kuwa watu wa miguu huvuka bure tena upesi, aliwatanguliza wazee: pandeni tuk-tuk mpaka Fort Jesus, ingieni vichochoroni, nyumba ina mlango wa kijani. Ndiyo maelezo aliyowapa. Jirani wa mkabala alikuwa amekaa tangu Adhuhuri na pilau yake, na binti yake, ambaye ni somo wa nyanya yangu, amejifukiza udi mpaka kakohoa.

Wanaume tisa, wameshiba mpaka kooni, wakavuka kichochoro kwa hatua nne. Vikapu vilikuwa vitupu, na Idi saa tisa alasiri huipati halua ya kumpelekea mkwe, kwa hiyo mama akavijaza mkate wa sinia na kaimati, bila kuniangalia. Bahasha ikaenda vile vile ilivyo. Mzee wa joho alinipita bila neno.

Mimi nikapanda juu kujificha dirishani kwa nyanya. Dirisha letu na la jirani yanatazamana, unasikia hata kijiko kikianguka. Tukasikia sinia zikiwekwa chini. Kisha sauti ya mama mwenye nyumba: "Kuleni jamani, mbona mnadonoa? Au chakula chetu hamkukipenda?"

"Tunakula, mama," ikajibu sauti ya mzee, kwa mbali kidogo, kama mtu aliye chini ya kisima. "Tunakula."

Nyanya alikuwa bado na kipande kimoja cha halua mkononi. Akakitafuna taratibu, macho dirishani.

"Yule mwenye joho," akaniuliza, "ana mke?"