Chama cha watu wa mazingaombwe Tabora: siri ipi ifungwe, ipi ifunguliwe

Wanakwaya wa Tabora wana vyama vyao, wacheza ngoma wana vikundi vyenye mwenyekiti na mweka hazina, na wapenzi wa dansi hadi leo wanazitaja Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz kwa fahari. Mtu wa mazingaombwe anatembea peke yake. Anashuka stendi na begi lenye karata, vitambaa, uzi na pakiti ya nyembe, anamwomba mwalimu mkuu nafasi ya mchana, wanapatana mgawo wa kiingilio, jioni anapanda gari la Nzega au Urambo. Ufundi aliupata kwa kumfuata mtu mwingine, akitumwa hiki na kile mpaka siku alipoonyeshwa mkono unavyopita. Akizeeka bila kupata wa kumrithisha, basi.

Kuna hoja ya kuwaunganisha watu hawa wa Tabora kwenye chama kimoja, wanaoishi kwa kazi hiyo pamoja na wanaoifanya kwa kujifurahisha, na kwangu ina mashiko. Ila wanaoipinga nao wana sababu, na sababu hizo zimezaliwa hapa hapa kwetu.

Tuwaangalie waliotangulia. Mwaka 1902 jijini New York, wacheza mazingaombwe walikutana katika chumba cha nyuma cha duka la Martinka, lililouza vifaa vyao, wakaanzisha Society of American Magicians. Miaka 3 baadaye London ikapata Magic Circle. Vyama vyote viwili vipo mpaka sasa, na mimi naona vimeponea kwenye mchanganyiko wa wanachama. Daktari au karani anayechezea karata Jumamosi tu anakaa meza moja na mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Huyu wa kujifurahisha ana muda wa kubuni na ana ada ya kutoa. Mwenzake ana jukwaa, na anajua mbinu gani itakufa mbele ya watoto mia tatu wenye njaa.

Walichoapia ni siri. London walikuwa wakali kiasi kwamba David Devant, rais wao wa kwanza, alijikuta nje ya chama kwa kuchapisha mbinu, tena zake mwenyewe. Ukali huo haukuwazuia kuwa na upofu mwingine. Wanawake hawakuruhusiwa kujiunga hadi 1991. Kabla mlango haujafunguliwa, Sophie Lloyd alishaingia akiwa amevaa wigi na suti ya kiume, akijiita Raymond. Alionyesha kazi yake mbele ya mtahini, akafaulu. Wanawake waliporuhusiwa akajitaja, na wao wakamfukuza kwa kosa la kuwadanganya. Watu wanaoishi kwa kudanganya macho, jamani! Walimrudishia uanachama mwaka 2025.

Sisi nasi hatukusubiri chama kiletwe na meli. Unyamwezi na Usukuma kuna Wayeye, chama cha wacheza na nyoka, ambacho mtafiti Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946. Huingii Uyeye kwa kujaza fomu. Unapitishwa kwenye mafunzo, unachanjwa dawa, unafundishwa mizizi na majani ya kukabili sumu, na unapanda ngazi kadiri unavyoaminiwa. Mtazamaji anaona chatu shingoni mwa mchezaji na anasikia ngoma. Miaka ya kujifunza nyoka gani ashikwe wapi na kwa wakati gani haioni. Tofauti yao na watu wa London ni kwamba elimu yao ilikuwa na deni kwa jirani. Mrina asali akigongwa na kifutu porini, hatafutwi mcheza karata, anatafutwa Myeye. Ndiyo maana kijiji kiliweza kuvumilia siri yao: walikuwa na kazi inayoonekana. Wale wanaosema chama chenye siri ni uzungu mtupu huwa wanamsahau Myeye.

Hata hivyo, wanaokipinga chama wana sheria mkononi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, yenye asili yake katika tangazo la kikoloni la 1928, haimtafuti tu mtu aliyemdhuru mwenzake. Anayejitambulisha kwa kauli au kwa vitendo kwamba ana nguvu za uchawi tayari ameshaigusa. Sasa chukua mtu anayemeza nyembe na kuzitoa mdomoni zimetungwa kwenye uzi, halafu anawatazama watazamaji na kusema, "Hii ni dawa ya babu." Sentensi hiyo moja inamhamisha kutoka kwenye sanaa kwenda kwenye kesi. Na kabla ya mahakama kuna mtaa. Kanda hii ya magharibi na ziwa imeua bibi zake kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Ukiwakusanya watu wenye viapo na mlango uliofungwa, majirani hawatauliza kama mna katiba.

Hoja hii ni nzito, na jibu la kwamba "watu wataelimika" halitoshi. Jibu lenye nguvu zaidi nalipata kwa lambalamba, watu wanaozunguka vijijini wakidai kufichua wachawi, ambao Kigoma wanaitwa pia kamchape.

Kila aliyeishi vijijini huku anaijua kazi yao. Wanaingia kwenye nyumba ya mtuhumiwa, wanachimba karibu na kizingiti, na mmoja anainua pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Umati unapiga kelele. Mwenye nyumba anatozwa fedha au mifugo, na hiyo ni siku njema. Siku mbaya anapoteza zaidi. Mtu wa mazingaombwe akitazama tukio hilo haangalii shimo. Anaangalia mkono ulikuwa wapi kabla ya kuingia shimoni, shati lina mikono mirefu kiasi gani, na nani aliyemfanya kila mtu ageuke pembeni kwa nukta moja. Kuficha kitu kiganjani ni darasa la mwanzo kabisa la fani yake. Mwaka 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, watu 7 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Kanda yenye historia ya namna hiyo inawahitaji watu wanaojua mkono unavyodanganya, na inawahitaji wakiwa wengi, kwa sababu mmoja peke yake hathubutu kusema.

Harry Houdini, mcheza mazingaombwe maarufu wa Marekani, alifanya kazi ya aina hii. Akiwa rais wa Society of American Magicians, cheo alichokishika kuanzia 1917 hadi kifo chake 1926, aliwaumbua watu waliodai kuzungumza na wafu, na mwaka huo wa 1926 alikwenda mpaka Bunge la Marekani kuunga mkono muswada dhidi ya wapiga ramli wa Washington. India alikuwepo B. Premanand, aliyezunguka vijijini akifanya hadharani "miujiza" ya watu waliojiita watakatifu kisha akionyesha inavyofanyika. Lakini ufundi huu hauna upande. Mwaka 1856 Wafaransa walimpeleka Robert-Houdin, mcheza mazingaombwe wao, Algeria akiwa na sanduku ambalo mtoto angeliinua na mwanaume mwenye nguvu akashindwa, kwa sababu chini yake palikuwa na sumaku ya umeme. Lengo lilikuwa kuwatisha wenyeji waone nguvu za Ufaransa zinawazidi viongozi wao wa dini. Siri iliyofungwa vizuri ilitumikia utawala wa kigeni.

Kwa hiyo simkubali anayetaka kila siri ifunguliwe, wala anayetaka zote zifungwe. Mbinu ya nyembe ibaki kwa mwenye nayo. Mtoto aliyelipa kiingilio alilipia kushangaa, na amepata. Mbinu inayotumika kumtoza bibi ng'ombe haina haki ya kulindwa. Mpaka wake ni ahadi: jukwaani mtazamaji anajua anachezewa, kizingitini hajui.

Hatari bado ipo. Lambalamba anaitwa na wanakijiji wenyewe, wakati mwingine viongozi wao wakijua, na anayemwumbua anaweza kugeuziwa tuhuma jioni hiyo hiyo. Chama kisimtume mtu porini na karata zake. Kianze na shule na mikutano ya mjini, kikisajiliwa kama kundi la sanaa, afisa utamaduni akijua kinakutana wapi, milango ikiwa wazi na wanawake wakiwemo tangu kikao cha kwanza.

Kazi ngumu itakuwa ndani. Wapo wanaomaliza onyesho na kuuza pete ya bahati nyuma ya darasa, na mara nyingi hao ndio wenye watazamaji wengi. Katiba ikikataza, wataondoka na vijana wao, na chama kitabaki na walimu wawili na karani mmoja wanaojua kucheza karata. Bora waondoke hivyo mapema, kabla hata akaunti ya benki haijafunguliwa.