Jenereta inayojizungusha yenyewe bila mafuta haipo, na sababu iko kwenye mwelekeo wa mkondo

Kuna vidio hazikauki kwenye magrupu ya WhatsApp, nina uhakika na wewe ushatumiwa. Kijana yuko uani kwao, ana mota ya umeme imefungwa mkanda kwenda kwenye alteneta ya gari (ile jenereta ndogo inayochaji betri ya gari), pembeni betri na inveta, anawasha kwa betri, mota inazunguka, inaizungusha alteneta, balbu zinawaka, halafu anachomoa betri na balbu bado zinawaka, na waliopo pale wanapiga makofi. Chini watu wanaomba namba yake ya simu, wengine wanauliza bei, wengine wanasema serikali imchukue huyu kijana haraka kabla wazungu hawajamnunua.

Mi vidio hizi zinaniuma. Wale vijana wana mikono, angalia tu walivyochomelea fremu na walivyolinganisha puli, ni kazi ya fundi kabisa. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao wamepita kidato cha nne, wamefundishwa fizikia, wamefundishwa umeme wa sumaku, na bado hakuna aliyewaambia kile kitu kimoja ambacho kingewaokolea hela zao na miezi yao. Wameambiwa sheria ya Lenz, ile inayosema mkondo unaozaliwa na sumaku hupinga badiliko lililouzaa, wakaikariri, wakafundishwa kukunja vidole vya mkono wa kulia, mtihani ukapita. Ile sheria ndo inayosema mtambo wao hautafanya kazi, leo wala kesho, hata wakibadilisha mota wakaweka kubwa zaidi.

Tuanze na wazo lenyewe maana si wazo la kijinga. Mota inazungusha alteneta, alteneta inatoa umeme, umeme huo unarudi kulisha mota, unaobaki unawasha taa. Ukiamini kwamba alteneta inatoa umeme kwa sababu tu inazungushwa, na kwamba kuizungusha ni kazi ile ile iwe inatoa umeme au haitoi, basi hesabu inakubali kabisa. Kosa liko kwenye hilo neno "kuizungusha ni kazi ile ile".

Chukua koili ya waya wa shaba, ncha zake mbili ziunganishe ili mkondo uweze kupita, halafu isogezee sumaku, ncha ya kaskazini ikitangulia. Umeme unazaliwa kwenye koili. Unazunguka upande gani? Kuna pande mbili tu. Ukizunguka upande mmoja, koili inageuka sumaku ambayo uso wake unaoitazama sumaku yako ni kaskazini, na kaskazini kwa kaskazini zinasukumana, kwa hiyo mkono wako utaona uzito. Ukizunguka upande wa pili, uso ule unakuwa kusini, unaivuta sumaku iingie.

Sasa jiulize ingekuwaje kama ingekuwa huo wa pili. Unaisukuma sumaku kidogo tu, koili inaivuta, inaenda kasi zaidi, kasi ikiongezeka mkondo nao unaongezeka, mkondo ukiongezeka mvuto unaongezeka, na kadhalika na kadhalika, waya unapata moto, sumaku inachanja mbuga, na wewe ulichotoa ni kasukumo kadogo ka kidole. Ungekuwa umepata nguvu bila kulipa chochote. Dunia haiendi hivyo, kwa hiyo lazima uwe ule upande wa kwanza: ukiwa umesimama upande wa sumaku unaitazama koili, mkondo unazunguka kinyume cha mishale ya saa. Sijakunja kidole hata kimoja na nimeshajua jibu.

Sasa ivute sumaku uitoe. Hapa ndo wanafunzi wengi wanapotea, maana wameshajiaminisha kwamba koili "inapinga sumaku", kwa hiyo wanategemea iisukume tena. Hapana. Safari hii mkondo unageuka, unafuata mishale ya saa, uso wa koili unakuwa kusini na unaing'ang'ania sumaku isiondoke. Koili haina ugomvi na sumaku wala na uga wake, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, inachopinga ni badiliko. Uga ukiongezeka, inatengeneza uga wa kuupunguza. Uga ukipungua, inatengeneza wa kujazia ule uliopungua, yaani unaelekea kule kule ulikokuwa unaelekea ule wa sumaku. Na ukiiacha sumaku imetulia ndani ya koili, hata iwe na nguvu kiasi gani, hupati kitu, sindano ya galvanomita, kile kifaa cha kupimia mkondo mdogo, imelala kwenye sifuri.

Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alikutana na hilo tarehe 29 Agosti 1831 pale Royal Institution, London. Alikuwa na pete ya chuma, upande mmoja kaizungushia waya unaoenda kwenye betri, upande wa pili waya mwingine kabisa, uliopita karibu na sindano ya sumaku. Alipounganisha betri sindano ikaruka kisha ikarudi, imetulia, ingawa betri bado imeunganishwa. Alipoikata sindano ikaruka tena, safari hii upande wa pili. Kuunganisha upande huu, kukata upande ule. Jibu lote la mwelekeo liko kwenye ile sindano.

Aliyeliweka kwenye sheria ni Heinrich Lenz, mzaliwa wa Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu huko Estonia. Huyu mtu nampenda sana na naona hatajwi vya kutosha, jina lake limebaki kwenye sheria tu. Akiwa na miaka 19 alipanda meli ya Kirusi iliyoongozwa na nahodha Kotzebue akazunguka nayo dunia, mwaka 1823 mpaka 1826, kazi yake ikiwa kupima joto na chumvi ya maji ya bahari. Mwaka 1833 akawasomea wenzake wa Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg kanuni yake. Namna alivyoisema ni nzuri kuliko tunavyoisema sisi: ukisogeza waya karibu na sumaku, mkondo unaozaliwa ni ule ambao, kama ungekuwa umeupitisha wewe mwenyewe kwenye waya huo, ungeusogeza waya kinyume na unakousogeza. Maana yake kila jenereta ina mota ndani yake, na hiyo mota inazunguka kinyume na wewe. Na aliona hivyo miaka 14 kabla Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, hajachapisha andiko lake la kwamba nguvu haiumbwi wala haipotei, mwaka 1847.

Rudi sasa uani kwa yule kijana. Alteneta yake ikiwa haijaungwa kitu, inazunguka laini kabisa. Dakika anayowasha balbu, mkondo unapita, na ule mkondo unatengeneza uga unaoikaba shafti irudi nyuma. Akiongeza balbu, shafti inakabwa zaidi. Mota inahisi uzito, inavuta mkondo zaidi kutoka kwenye betri. Tuseme mota yake ni nzuri na katika wati 100 inazoingiza inatoa 80 kwenye shafti, na alteneta ya gari tuipe asilimia 60, basi kwenye 80 inatoa 48. Ameweka 100 amepata 48, na hizo 48 hazitoshi kulisha mota sembuse balbu. Akichomoa betri, kinachobaki ni ile kasi iliyokuwa imeshajikusanya kwenye vyuma vinavyozunguka, inakwisha ndani ya sekunde chache. Vidio ikiendelea zaidi ya hapo ujue kuna betri nyingine mahali.

Na kuweka alteneta mbili badala ya moja, au kuongeza flaiwili (gurudumu zito la kutunza mzunguko), au kununua sumaku kali za neodimiamu kama wengi wanavyoshauriana kwenye komenti, hakusaidii. Sumaku kali inakupa volteji zaidi, sawa, lakini mkondo ule ule ukipita kwenye uga mkali zaidi unaikaba shafti zaidi. Huwezi kulizunguka hili kwa vifaa, maana liko kwenye mwelekeo wenyewe.

Kama huamini, tafuta printa mbovu, toa ile mota ndogo ya DC yenye nyaya mbili. Shika shafti kwa vidole izungushe, itakwenda. Sasa ziunganishe zile nyaya mbili ncha kwa ncha, izungushe tena. Imekuwa nzito, utahisi kabisa kwenye vidole, kama vile umeichovya kwenye asali. Hujaongeza kitu chochote kigumu, umefungulia mkondo njia tu. Achanisha nyaya, uzito unaondoka hapo hapo. Mi naamini mwanafunzi akishaushika ule uzito mwenyewe hatasahau mwelekeo wa mkondo maisha yake yote, na kifaa chenyewe kinapatikana kwa fundi yeyote wa mashine za ofisi, mara nyingi bure.

Ndo maana nasema tunaanzia pabaya. Tunaanza na vidole, kidole gumba mwendo, cha shahada uga, cha kati mkondo, mkono wa kulia kwa jenereta, wa kushoto kwa mota, na mtoto akiwa kwenye chumba cha mtihani anahangaika na mkono upi ni upi. Halafu Lenz anakuja mwishoni, mstari mmoja, "andika kwenye daftari". Ingetakiwa iwe kinyume. Mwanafunzi ashike uzito kwanza, aulizwe huo uzito unatoka wapi na kwa nini usiwe mvuto, abishane na wenzake, halafu vidole vije kama njia ya haraka ya kufika kwenye jibu ambalo tayari analijua kwa akili. Najua walimu wanabanwa na silabasi na madarasa yamejaa, lakini mota ya printa haichukui hata dakika kumi.

Na jambo hili halikai uani tu. Bwawa la umeme la Julius Nyerere kule Rufiji, Tanzania, lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Saa moja jioni watu wakiwasha taa, tivii na feni, mkondo unaongezeka kwenye nyaya za jenereta kule, na ule mkondo unaikaba shafti yake kwa nguvu zaidi, mtambo unataka kupungua kasi, masafa, yaani mara ngapi umeme unageuka na kurudi kwa sekunde, yanataka kushuka chini ya hezi 50, na mfumo wa kudhibiti unafungua milango maji mengi zaidi yapige tabaini, lile gurudumu linalozungusha jenereta. Swichi uliyoibonyeza Mbagala, Dar es Salaam, imeifikia shafti ya Rufiji kama uzito. Maji ndo yanalipa.

Kwa hiyo nikiulizwa nimwambie nini yule kijana wa kwenye vidio, simwambii aache. Namwambia mtambo wako umekosa kitu kimoja, wa kulipa. Ondoa ile mota, weka kitu kingine kinachozungusha alteneta na ambacho hukinunui. Ukiwa Njombe, Mbinga, Rungwe, kuna vijito vinashuka mlimani mwaka mzima, na kule kusini watu walishaliona hili zamani, masista Wabenedikti wa Chipole mkoani Ruvuma wana mtambo wao wa maji pale Tulila. Kwa kuanzia hahitaji ukubwa ule. Bomba, gurudumu la vikombe alilochomelea mwenyewe, ile ile alteneta na ule ule mkanda. Apime kwanza maji yanashuka mita ngapi na ni lita ngapi kwa sekunde, azidishe hizo mbili kisha azidishe na 10, atapata wati za juu kabisa ambazo kijito kinaweza kumpa, akate zaidi ya nusu kwa ajili ya hasara za njiani, na hapo atajua ni balbu ngapi anaweza kuwaahidi majirani.