Kabla ya kuolewa tena nilirudi Mvumi kuaga

Baba watoto wangu alifariki Machi 2014, maeneo ya Gairo, akirudi nyumbani Dodoma kutoka Morogoro. Nilikuwa na miaka 31. Mkubwa alikuwa na miaka saba, mdogo mitatu. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu kila nikitaja ndoa yangu ya sasa huku Uswidi, hakosi ndugu wa kuniuliza kama nimesahau nilikotoka. Sijasahau. Ninalotaka kulisema leo linaanzia hukohuko.

Mwenye kufiwa Dodoma haachwi peke yake. Tulizika siku ya tatu, na nyumba yetu ya Makole ilijaa mpaka watu wakalala uani. Kinamama wa jumuiya walileta masufuria yao, unga wao, kuni zao. Wifi yangu mkubwa alilala mkeka mmoja na mimi wiki mbili nzima, na usiku nikishtuka aliniuliza, "Unataka maji?" Hakuniuliza jambo lingine lolote. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea kwa swali hilo moja.

Kisha matanga yakaondolewa, ukoo ukakaa kikao. Kwenye muhtasari wa kupeleka mahakamani shemeji yangu mmoja aliandikwa kuwa msimamizi wa mirathi, mimi nikiwa jikoni napakua chai. Wiki chache baadaye nikaanza kusikia maneno ya pembeni kwamba yeye ndiye "atakayeuangalia mji". Mgogo yeyote anajua maana yake: kwamba angenirithi mimi niwe mke wake. Nikakataa. Kikaitwa kikao kingine, na mjomba mmoja akazitaja ng'ombe 12 za mahari.

Aliyenisimamia siku ile alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ng'ombe wale walishakuwa watoto hawa. Nani anawadai?" Kikao kikaishia hapo.

Miaka ile sikujua kwamba sheria pia ilikuwa upande wangu. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemtaka mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Aliyeolewa kwa ndoa ya Kiislamu anatakiwa amalize eda kwanza. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50 na bado kuna wajane vijijini kwetu wanaambiwa wachague kati ya shemeji huyu na yule. Mwanamume akifiwa, shangazi zake wanaanza kumtafutia mke kabla vumbi la kaburini halijatulia, eti watoto hawawezi kukaa hivihivi. Mwanamke akifiwa anaambiwa atulie alee. Hili linaniuma na sitaacha kulisema.

Mwaka 2016 nilipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uppsala, huku Uswidi. Watoto niliwaacha Mvumi kwa bibi yao, mama mkwe huyohuyo, nikaja kuwachukua 2019 nilipokwishapata kazi ya kudumu kwenye huduma za wazee. Mume wangu wa sasa nilimkuta kwenye kwaya ya kanisa. Ni seremala, mtu wa maneno machache, na alikuwa akimlea peke yake binti ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 2017, mtoto akiwa na miaka minne.

Aliponisimulia msiba wake nilidhani sijaelewa Kiswidi. Mazishi yalifanyika zaidi ya wiki tatu baada ya kifo, na huku hilo ni jambo la kawaida, maana sheria inatoa mpaka mwezi mmoja. Walikuja watu kama 25. Wakaimba, wakanywa kahawa na mikate, wakaaga. Jioni ile akabaki na mtoto, na nyumba kimya. Majirani zake ni watu wema kweli, nimeishi nao, nawajua. Hawakugonga mlango. Wengine walimweleza baadaye kwamba hawakutaka kusumbua.

Neno hilo, kutokutaka kusumbua, ndilo ninalolibishania na nchi hii.

Lakini nikiri kwanza kilichonipa pumzi. Tulipoamua kuoana hakuna aliyekaa kikao. Huku ofisi ya kodi ndiyo inayochunguza kama ndoa ina kizuizi, kwa hiyo tulijaza fomu, tukapewa cheti, basi. Hakuna aliyeniuliza marehemu alikuwa wa ukoo gani wala watoto wangu wataitwa wa nani. Mwanamke aliyewahi kujadiliwa kama shamba lililokosa mwenyewe, siku hiyo alitembea barabarani huku machozi yanamtoka kwa furaha. Na kabla hatujanunua hata kitanda, mwanasheria alitukalisha tuandike wosia. Kwa sheria ya Uswidi mmoja wetu akifa, watoto aliokuja nao kwenye ndoa wanaweza kudai urithi wao palepale, wakati watoto tuliowapata pamoja kwa kawaida wangesubiri mpaka mzazi wa pili naye afariki. Kwa hiyo mambo ya nani atabaki kwenye nyumba yaliandikwa tukiwa wazima, tunakunywa kahawa. Kwetu mtu akitaja wosia anaambiwa anajitabiria. Tunangoja maiti iwe ndani ndipo tuanze kuhesabu viti. Hapa Waswidi wametuzidi, na ningependa kila mwenye watoto wa huku na wa kule, awe Kizota au Kondoa, aandike wosia kabla ya harusi ya pili.

Pamoja na uhuru wote huo, moyo ulikataa. Nilijiona kama mtu aliyetoka kwenye nyumba ya watu usiku bila kuaga. Julai 2021 nikapanda ndege.

Mvumi si mbali na Dodoma mjini, lakini siku ile barabara niliiona ndefu, mibuyu imesimama bila jani, upepo unafukuza vumbi mbele ya gari. Nilimkuta mama mkwe uani anapepeta uwele. Nikapiga goti, "Mbukwenyi, mama." Akaitikia bila kusimamisha ungo. Nikatoa blanketi, sukari na vitenge nilivyomletea, nikakaa. Alipepeta ungo wa kwanza, akamwaga kwenye debe, akachota mwingine. Makapi yalikuwa yanarukia miguuni kwangu. Mimi nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Uppsala na yote ikanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba nimepata mtu.

Akauliza, "Umekuja kuniuliza au kuniaga?"

"Kukuaga, mama."

"Afadhali. Ungeniuliza ningepata kazi ya kujibu." Akaendelea kupepeta. Baadaye sana, nikidhani mazungumzo yamekwisha, akasema, "Huyo mwanamume anajua kwamba mimi bado ni mama yako?"

Sikuweza kujibu. Nilimwekea kichwa magotini nikalia, wala sikulia hivyo hata siku ya kuzika.

Nilirudi Uswidi na swali lake, na swali hilo ndilo lililonifungua macho kuhusu upande wa pili. Mama mzazi wa yule marehemu mke alikuwa hai! Alikuwa anaishi mji uleule, basi moja tu kutoka kwetu. Tangu mimi na mume wangu tuanze uhusiano, yule bibi hakuwa ameingia nyumbani kwa mkwe wake. Mjukuu alikuwa anapelekwa kumwona Jumapili moja moja, anashushwa mlangoni, anachukuliwa jioni. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Yeye hakutaka kutusumbua, mume wangu hakutaka kumtonesha, na mtoto aliyekuwa katikati alijifunza kwamba mama yake hatajwi nyumba yenye mama mwingine.

Huku mwanzoni mwa Novemba kuna sikukuu ya watakatifu wote, watu wanakwenda makaburini jioni kuwasha mishumaa. Giza linaingia mapema, na ukisimama getini unaona mamia ya taa ndogo chini ya miti. Tulikwenda sote watano. Bibi alikuwa ameshafika, ameinama anahangaika na kiberiti kwa sababu ya upepo. Mume wangu alimsalimia kwa kutikisa kichwa, kwa heshima yao. Mimi nikamfuata pale alipo nikapiga goti kwenye majani yaliyolowa, kama ninavyomsalimia mama wa Mvumi. Alishtuka, akadhani nimeanguka, akanishika mkono aniinue. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha kuungaunga kwamba nimekuja kupiga hodi kwake, kwa kuwa naingia kwenye nyumba ya binti yake. Hakujibu lolote. Ila mkono hakuuachia, mpaka mishumaa yote ikawaka.

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani. Alileta boksi la picha, glavu za mtoto za kufuma na kitabu cha mapishi chenye mwandiko wa marehemu. Aliliweka mezani, akakaa na koti mwilini karibu saa nzima kabla ya kulivua. Toka siku hiyo jina la mama yake yule binti linatajwa kwetu mezani kama la baba wa wanangu linavyotajwa, na nimeona jinsi mtoto alivyobadilika. Alianza kunigombeza! Zamani alikuwa na adabu ya mgeni, ananishukuru hata kwa glasi ya maji. Mtoto anayekununia kwa sababu umechelewa kupika ameshajua yuko kwao.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo nalifikiria sana. Waswidi siku hizi hawapendi kusema mama wa kambo. Wanasema bonusmamma, yaani mama wa nyongeza, mtu uliyeongezewa. Nawasifu kwa hilo. Sisi tumekuzwa na hadithi ambamo mama wa kambo hana jema hata moja, na neno lenyewe linauma kabla mtu hajafanya kosa. Wanangu walimkuta baba mpya, hatukumwita wa kambo wala wa nyongeza, wakachagua "baba mdogo", kwa kuwa Mvumi ndugu wa baba anaitwa hivyo na hakuna anayeuliza zaidi.

Lakini Kiswidi nacho kina pengo. Bibi mzaa mama ana jina lake na bibi mzaa baba ana lake. Julai 2025 tulipokwenda Tanzania wote, tukipanda treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, binti alimuuliza baba yake njiani: huyu tunayekwenda kumwona, mama wa marehemu mume wa mke wako, mimi namwitaje? Baba mtu alifikiri kutoka Morogoro mpaka Kilosa hakupata neno. Mwanangu mdogo akajibu bila hata kutoa macho dirishani, "Bibi."

Na bibi alimpokea hivyohivyo. Alimwita mjukuu, akamkalisha karibu yake kwenye mkeka, akamfundisha kuchovya ugali wa uwele kwenye mlenda, na alipoambiwa kwamba mama yake alishafariki, alimuuliza jina la mama huyo. Akalirudia mara mbili tatu mpaka ulimi ukalikubali. Jioni kwenye sala alilitaja, pamoja na jina la mwanawe.

Najua wapo watakaosema nina bahati, kwamba wakwe wengine ni moto na ukienda kuwaaga utarudi umechanika. Ni kweli, na mjane ambaye wakwe zake walimpora mpaka vyombo hana deni nao la kwenda kuaga. Ninayemwambia leo ni yule ambaye mlango haujafungwa. Ndugu zangu mliopo ughaibuni, msitumie umbali kama pazia. Mume au mke mpya akiingia, watoto wetu hawapaswi kupoteza bibi, babu na shangazi kwa sababu sisi tunaona haya kupiga simu. Na nyinyi mliobaki nyumbani, mjane akija kuaga, mwageni. Msimwekee kikao.

Yule bibi wa Uppsala alitupa mzigo wa kumpelekea mwenzake: soksi nene za sufu, nyeupe, alizofuma mwenyewe majira yote ya baridi. Mimi niliona zitakaa kabatini. Nilisahau Julai ya Dodoma, upepo wa usiku unavyopenya. Mama mkwe alizivaa jioni ileile ndani ya kandambili, na sasa ametuma ujumbe kwa simu ya kijana wa jirani: ashukuriwe sana huyo mama mwenzangu, ila akifuma nyingine atafute rangi nyeusi au kahawia, hizi zinaonyesha vumbi.