Tezi dume: mvuke, vibana au kukwanguliwa kabisa?

Mwanaume akiambiwa tezi dume imekua anasikia neno moja tu, oparesheni, mengine yote daktari anaongea na ukuta. Ndio maana hizi njia ndogondogo za mvuke na vibana zimepata wapenzi haraka, unaingia asubuhi unatoka mchana, hakuna kulazwa, na wanaozitangaza wanapenda kusema "bila oparesheni". Hilo neno linanikera kidogo, maana kifaa kinapitishwa kwenye njia ya mkojo na tezi yenyewe inatobolewa, sasa tuiite nini?

Tukubaliane kwanza kwamba huku kukua sio kansa. Tezi imeuzunguka mrija wa mkojo, ikinenepa inaubana, ndo unajikuta umesimama chooni unasubiri, unatoka kidogo, unakata, unaanza tena, unarudi kulala na baada ya muda mfupi uko chooni tena. Wengi wanaanza na dawa. Tamsulosin inalegeza misuli, finasteride inapunguza tezi yenyewe ila inataka uvumilivu wa kama miezi 6. Maswali yanaanza dawa zikigoma, au kizunguzungu kikizidi.

Oparesheni ya siku zote, ile TURP, haichani tumbo. Wanapita kwenye uume wanakwangua nyama ya ndani, na kwa nguvu ya mkojo hizi njia ndogo haziifikii. Bei yake ni kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa shahawa zinarudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Watu wanachanganya hapa, wanadhani ndo nguvu za kiume zimeisha, hapana, raha mara nyingi inabaki, ila hakitoki kitu, na anayetaka mtoto hilo sio jambo dogo.

Sasa UroLift, iliyoruhusiwa Marekani 2013, yenyewe haikati nyama. Inaweka vibana vidogo vinavyovuta tezi pembeni, kama pazia unavyolifunga ili mlango uonekane. Shahawa kwa kawaida zinabaki salama na nafuu inakuja mapema. Lakini nyama bado ipo, na utafiti uliofuatilia watu miaka 5 ulikuta kama 14 kati ya 100 walihitaji kurudiwa. Rezum ya 2015 inatumia mvuke wa nyuzi 103, kila sindano sekunde 9, nyama inakufa alafu mwili unaisafisha taratibu. Waliorudiwa ndani ya miaka 5 ni kama 4 kati ya 100, ila msizilinganishe hizi namba kama matokeo ya mechi, ni tafiti tofauti na wagonjwa tofauti. Na kitu matangazo hayakazii ni zile siku kadhaa za mwanzo, unatembea na mpira wa mkojo na mfuko umefungwa pajani, ukitolewa mkojo unaunguza, na nafuu kamili unaweza kuisubiri hata miezi 3. Mtu anakata tamaa wiki ya pili anasema nimeibiwa, kumbe bado.

Kuna na ile ya kuziba mishipa ya damu inayolisha tezi, wanapitia pajani au mkononi. Inawafaa wenye tezi kubwa au moyo usiohimili nusu kaputi, ila mishipa ya wazee imejikunja, inahitaji mtaalamu aliyeizoea kweli.

Mimi naona kosa ni kuchagua jina la kifaa kabla ya kupima. Tezi ya kawaida ni kama mililita 25, Rezum ilijaribiwa kwa za 30 hadi 80, na kama kuna kipande cha katikati kimechomoza ndani ya kibofu, vibana vinapata tabu. Mwenye miaka 55, tezi ya wastani, anayejali shahawa zake, aanze na njia ndogo tu, kurudiwa baadaye sio aibu. Aliyefungwa mkojo mara mbili na tezi imepita mililita 100, huyo kumpa vibana ni kumchelewesha, aulizie leza inayotoa nyama ya tezi au oparesheni ya kufungua.

Alafu kuna yule aliyevumilia miaka mingi akidhani ni uzee, kibofu kimesukuma mpaka msuli umechoka. Ndio maana kipimo cha nguvu ya kibofu kinatakiwa kabla. Huyu hata akikwanguliwa vizuri kabisa, anaweza kubaki na mpira wake.