Mgeni kapewa jembe

Juzi Jumanne, theluji ya Machi ikiwa bado imejaa barazani, nilipanga foleni kupiga kura hapa Winooski, mji wa jimbo la Vermont, Marekani. Uraia wa huku sina, mimi Mtanzania. Bibi mmoja mezani akaniuliza jina na mtaa ninaokaa, akanipa karatasi. Basi! Hakutaka barua ya mtendaji.

Vermont ni kijimbo, watu hawafiki laki saba. Mwaka 2020 wakazi wa Winooski waliamua kwamba mgeni anayeishi kihalali achague viongozi wa mji na kupitisha bajeti ya shule. Gavana Phil Scott akalikataa jambo hilo Juni 2021, Bunge la jimbo likampiku mwezi uleule. Kura yangu inaishia hapahapa mjini. Nikigusa ya rais, ni jinai.

Kilichonichoma ni kile kijitabu cha bajeti. Kimeletwa nyumbani kabla senti haijatumika: walimu, mabasi, chakula cha watoto. Nilikisoma huku hasira zinanipanda. Sisi kule Tanzania tumechanga madawati mara ngapi? Mkutano wa mtaa ukiitishwa, "mapato na matumizi" ndiyo ajenda ya mwisho, giza limeshaingia, mwenyekiti anaangalia saa.

Najua mtakayosema. "Kabeba boksi miaka miwili, keshaanza dharau." Boksi nabeba, tena zamu ya usiku. Ila "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" walisema wazee wetu, si wa Vermont. Mwingine atasema Marekani hiyohiyo inafukuza wageni. Inafukuza, na foleni nzima tulikuwa tukinong'ona hayo. Nyuma yangu alikuwepo mama Mbantu wa Somalia anayeongea Kizigua, kile cha Handeni kabisa. Mababu zake walivushwa bahari utumwani. Yeye ndiye aliyenivuta shati niache uoga.

Wala msinifundishe ukarimu wa Tanzania. Mwaka 2014 tuliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 waliokuwa wakimbizi, na hapo natembea kifua mbele. Lakini mimi mzawa nikichukua uraia wa huku, wa kwetu unakufa siku hiyohiyo. Hilo nalo ni dharau yangu?

Bajeti yenyewe niliikataa. Ikipita kodi ya majengo inapanda, na mwenye nyumba atanibana kwenye pango. Mwanangu anasoma shule hiyo, na tangu juzi hanisemeshi.