Cheo cha York hakirithiwi hivyo

Mwandishi, asante kwa makala, ila pale uliposema cheo cha Duke wa York, cheo cha heshima cha ukoo wa kifalme wa Uingereza, kimetoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa zaidi ya miaka 600, hapana. Kilianza 1385 kwa Edmund, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu. Mwanawe alikirithi, akauawa vitani Agincourt 1415 bila mtoto, kikaenda kwa mpwa. Mwana wa huyo mpwa ndiye aliyetwaa ufalme 1461, na cheo kikamezwa na taji, yaani kikaungana na ufalme wenyewe.

Tangu hapo kimetolewa upya mara kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyemwachia mwanawe! Ama wanakuwa wafalme (Henry wa Nane, Charles wa Kwanza, George wa Sita), ama wanakufa bila mtoto wa kiume wa kukirithi. Anayeniuma mimi ni Richard mdogo, mwana wa huyo mfalme wa 1461, aliyepewa 1474 kabla hajatimiza hata miaka miwili. Mwaka 1483 aliingizwa pamoja na kaka yake katika Mnara wa London, hawakuonekana tena. Mtoto wa takriban miaka kumi, jamani. Andrew, mwana wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipewa 1986, naye ana mabinti tu, ambao kisheria hawawezi kukirithi. Tafadhali rekebisheni.