Udhu wa vidole vyeusi

Jirani yangu hapa Chikongola, mjini Mtwara, anabangua korosho za kuuza barabarani. Anazikaanga kwenye bati lenye matundu mpaka mafuta ya ganda yashike moto, anazimwagia mchanga zizime, halafu anakaa kigodani kuzigonga moja moja kwa kijiti, mikono ameipaka majivu. Majivu hayatoshi. Mafuta yale yanababua ngozi, na ngozi ikipona inabaki nyeusi, ngumu, na pembeni ya kucha kunaganda kitu kama lami. Siku moja akamuuliza ustadhi aliyesimama kununua: na vidole hivi, udhu wangu unashika?

Ustadhi akajibu huku anatafuna. Rangi haizuii maji, ni kama hina tu. Kilichoganda ndicho kizuizi, kikwangue kwanza. Na penye kidonda ambacho maji yatakidhuru, dini imetoa ruhusa: kupaka maji juu ya bandeji, au kutayamamu, yaani kujipaka udongo safi badala ya maji.

Mtoto wa dada yake, aliyekuja likizo kutoka chuo, alicheka. "Mama mdogo, Mungu anaangalia moyo, haangalii kucha."

Nimekuwa nikiuzungusha kichwani ubishi huo mdogo kwa wiki kadhaa, maana kijana hakukosea. Qurani yenyewe, sura ya Al-Hajj aya ya 37, inasema nyama na damu za wanyama wa kuchinjwa hazimfikii Mwenyezi Mungu. Kinachomfikia ni uchamungu. Na sote tunawajua waliozama kwenye viungo wakasahau safari: anaosha mkono, anatia shaka, anaosha tena, ndoo inakwisha. Fanya hivyo Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ni ya kuhesabu, uone wenye nyumba watakavyokutazama. Mtume alitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita.

Lakini jibu la moyo lina shida yake. Moyo ni shahidi anayejitolea ushahidi mwenyewe. Naweza kukuambia moyo wangu umetulia, umesamehe, uko kwa Mungu, na huna pa kunishika. Mwili hauna ufundi huo. Kisa cha Salman na Abu Dardaa, masahaba wa Mtume, kinajulikana: Salman alikwenda kumtembelea nduguye, akamkuta anafunga mchana na kusimama usiku kucha, akamwambia Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki, na watu wa nyumbani kwako wana haki, Mtume akasema Salman kasema kweli. Kinachonivutia mimi ni mwanzo wake. Salman hakuligundua tatizo kwa kuipima sala ya rafiki yake. Alimwona mke wa rafiki huyo amejiachia, nguo zimechakaa, akauliza kulikoni. Hitilafu ya ibada ilionekana kwenye kanga ya mtu mwingine.

Kwa hiyo niko upande wa mama mdogo. Ila niseme na linalonitia hofu, maana huku kusini tunalijua kuliko wengi. Imani ikiingia mwilini, inaingia pamoja na kila kilichomo mle, kizuri na kibaya. Vincent Lucas, kabla hajawa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kijana wa Kimakua au Kiyao hawi mtu mzima kwa kukariri katekisimu tu. Anakuwa mtu mzima kwa jando. Akalichukua jando, akalipa sala na baraka za kanisa, akayaondoa yaliyomchukiza. Lilikuwa jambo la akili, na hadi leo nalitetea. Upande wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, na ugumu ule haujaisha: unyago una mafunzo ambayo bibi zetu hawakuyapata popote pengine, na una mengine ambayo msichana wa darasa la tano hana sababu ya kuambiwa. Kauli ya "hii ni ya mwili, ni ya maisha yetu" inaweza kuhalalisha yote mawili kwa pumzi moja. Hapo moyo na akili lazima viruhusiwe kuukemea mwili.

Kuna na njia ya tatu, ambayo wanaume wa baraza letu wanaipenda kwa sababu haiwagharimu: kazi ni ibada. Nalima, basi nasali. Napulizia salfa mikorosho, basi namtukuza Mungu. Sentensi tamu, na ina ukweli wake. Lakini tazama watu walioifanyia kazi kweli. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako Ndanda tangu 1906, wana hospitali, wana karakana, na kanuni yao katika sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho. Hawa wana haki ya kusema kazi ni ibada kuliko mtu yeyote wa barazani kwetu. Hata hivyo kanuni hiyo hiyo imeipangia sala saa zake, na kengele ikilia mtu anaweka chini alichoshika. Kazi haijameza sala, inakatizwa nayo.

Jirani yangu naye ameanza kukatizwa. Amepata kisu butu na kipande cha jiwe la kusugulia miguu, na kabla ya adhana ya alasiri anafunika beseni lake, anaanza kujikwangua, kidole baada ya kidole, kisha birika. Huo ndio muda ambao wafanyakazi wa ofisini wanapita kurudi makwao, wakiwa na chenji mfukoni. Anasema siku nyingine anapoteza wateja watatu, wanne. Mpwa wake anaona hasara hiyo ni ya bure. Nilimuuliza yeye mwenyewe anaonaje, akanyoosha vidole kwenye mwanga, akavigeuzageuza.

"Kidole gumba hiki hakijatakata," akasema, akarudi kwenye jiwe.